Nilimtengenezea baba masikio ya simu ili akae kwenye kiti chake siku ya wakwe

Wakuu, habari zenu popote mlipo.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Leo nautuma bila kuusoma tena, maana nikiusoma tu utabaki humu humu kwenye simu.

Yote ni kweli, yametokea nyumbani kwetu Tunduma. Majina nimebadilisha, kwa sababu mama ana shoga yake mmoja ambaye yuko humu jukwaani na hajawahi kuandika hata neno, anasoma tu.

Ni mrefu kidogo. Mnivumilie.

Mimi ni binti. Nimemaliza uhandisi wa elektroniki na mawasiliano, na kitu nilichokipenda kuliko vyote chuoni ni signal processing, upande wa sauti.

Kwa ambao hawajawahi kukutana nayo: unachukua kitu kinachobadilika, iwe sauti ya mtu, mapigo ya moyo au mawimbi ya redio, unakigeuza kuwa namba, halafu unazichambua zile namba mpaka ubaki na unachokitaka. Usichokitaka unakitupa. Kile unachokitupa tunakiita noise, yaani kelele.

Nilirudi nyumbani na cheti changu. Huku kwetu kila mtu anajua kazi ni zipi: mizigo, magari, kubadilisha hela, duka. Ukisema unachakata mawimbi, watu wanakutazama kwa huruma.

Baba mdogo Yusto, mdogo wake baba, anafanya kazi za kugomboa mizigo pale mpakani. Yeye ndiye aliyenipa jina la utani.

"Injinia wa mawimbi," alisema siku ya kwanza, "ofisi yako si itakuwa Ziwa Rukwa?"

"Rukwa mtandao unasumbua, baba mdogo."

"Basi kauvue. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Nilicheka, halafu nikakaa wiki nzima nikiwaza kama alikuwa anatania au anasema kweli. Ndivyo nilivyo. Mtu akinijibu "sawa" bila nukta kwenye ujumbe, siku yangu imeharibika.

Sasa nije kwa baba.

Baba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga unga kule Mlowo, miaka yote ya utoto wetu. Alikuwa akirudi Tunduma mwisho wa wiki akiwa mweupe mpaka kwenye kope. Tulimpangusa unga kwa kanga ya mama, mimi na mdogo wangu Neema, kila mtu upande wake.

Mashine ile haikumchukua kidole wala mkono. Ilichukua masikio, taratibu, bila yeye kujua.

Watu wengi wanafikiri mtu asiyesikia vizuri yuko kwenye ukimya. Si hivyo kwa baba. Sauti nzito anazipata zote: lori likishuka barabarani, ng'ombe, mlango ukigongwa. Zilizoondoka ni zile nyembamba: s, f, t, k. Kwa hiyo neno linapomfikia limeng'oka meno. Anajua umesema kitu, hajui umesema nini.

Alichojifunza ni kusema "sawa sawa".

Siku moja jirani yetu alisimama uani akamweleza kwamba mbuzi wake wamekufa. Baba akamtazama kwa upole, akasema, "Sawa sawa, ndivyo inavyotakiwa."

Jirani aliondoka bila kuaga. Ilibidi mama amfuate mpaka kwake kumweleza. Sisi nyumbani tulicheka mpaka machozi, na baba alicheka pamoja nasi. Lakini tangu siku ile alianza kukaa nyuma ya nyumba badala ya mbele.

Tulimpeleka hospitali Mbeya. Wakasema ni kelele za miaka mingi, masikio hayatarudi, ila vifaa vya kumsaidia kusikia vipo, vile vya kupimwa na kurekebishwa kwa kila mtu. Vifaa vyenyewe vilikuwa juu ya uwezo wetu. Baadaye mama alimnunulia kile kidude cha sokoni cha kuning'iniza sikioni. Kikawa kinakuza kila kitu sawasawa, na akitafuna tu kinapiga filimbi. Baba alikifungia kwenye kopo la sukari. Alisema kikapige filimbi huko huko.

Basi, Neema akapata mchumba.

Ni kijana wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Kwao ni Wanamwanga kama sisi. Mpaka umetugawa kwenye vitambulisho, kwenye salamu hatujagawanyika. Posa ilipokelewa, ikapangwa Jumamosi ya wakwe kuja kukaa na kuongea.

Jioni ile baba alisema, bila kumtazama mtu, "Atakaa Yusto."

Mama akaweka kijiko chini. "Yusto ndiye aliyemzaa?"

"Yusto anasikia."

Neema alitoka nje akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Niwaeleze uzito wake. Kwetu kiti cha baba wa binti siku ya wakwe kina kazi. Anayekikalia ndiye anayewapokea wageni, ndiye anayemuuliza binti mbele yao kama ameridhia, na jibu lake ndilo linalosimama. Baba angekuwa chumba cha pili, mzima wa afya, huku mdogo wake akiulizwa kuhusu mtoto wake.

Nilimfuata Neema kwenye sufuria zake.

"Mimi nataka sauti ya baba," aliniambia. "Hata akiwajibu kwamba ndivyo inavyotakiwa."

Akacheka. Halafu akalia. Nami nikamwahidi kitu ambacho sikuwa na uhakika nacho hata kidogo: kwamba baba atakaa.

Wakuu, mimi huwa siahidi vitu.

Nilianza kesho yake. Wazo lilikuwa la kawaida, wala si langu: kutumia simu kama kifaa cha kusikia. Maikrofoni inachukua sauti, programu inaigawa vipande kuanzia nzito mpaka nyembamba, inakuza vile tu ambavyo masikio yamepoteza, halafu inampelekea kwa earphone. Kila mtu ana masikio yake, hivyo kwanza lazima umpime.

Nilimpima baba sebuleni kwa milio ya simu. Akisikia anyooshe kidole. Alinyoosha kama mwanafunzi anayeogopa kukosea. Kwenye milio mizito alikuwa mwepesi kabisa. Tulipofika kwenye ile myembamba, kidole kilitulia juu ya goti, yeye akabaki ananitazama usoni ili ajue kama ilikuwa inalia.

Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu.

Earphone zisizo na waya nilizijaribu nikaziacha. Zinachelewesha sauti, unaona midomo ya mtu imeshafunga ndipo neno linafika. Nikarudi kwenye za waya. Maikrofoni ya kwenye waya nikaibana kwenye kola yake kwa kibanio cha nguo, kwa sababu ikikaa mfukoni inasikia shati tu.

Siku nilipoiwasha mara ya kwanza tulikuwa uani. Baba aliinamisha kichwa kidogo. Halafu akageuka.

"Nini hicho?"

"Kipi, baba?"

"Hicho. Kama mvua ndogo."

Nilitafuta kwa macho. Alikuwa mama, hatua chache kutoka kwetu, anapeta maharage kwenye ungo.

"Ni ungo, baba."

Aligeuza kiti chake kikamwelekea mama, akakaa akisikiliza mpaka maharage yakaisha. Mama alipoona anatazamwa akauliza kuna nini, mbona anamkodolea macho kama mposaji. Baba akamjibu, "Endelea tu." Maharage yalikuwa safi tayari. Mama akayapeta tena.

Nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo.

Masikio ya namna ile yana tabia ya ajabu: sauti ndogo hayazipati, lakini sauti kali ya ghafla yanaipata kupita kiasi. Mfuniko wa sufuria ukidondoka, baba alikuwa anashtuka kama amepigwa. Geti la jirani likibamizwa, anavua earphone. Nikajua siku ya wakwe patakuwa na sinia, vikombe, vifuniko na watoto. Angevua kila kitu kabla ya chai.

Nikaandika kipande kingine cha programu. Nilikiita kizuia makali. Kazi yake ni kuangalia sauti yoyote inayopanda ghafla na kuisha haraka, na kuibana kabla haijafika sikioni. Maneno ya watu hayapandi hivyo, yanapita salama.

Nilikijaribu jinsi ambavyo wengi wetu tulijifunza kujaribu. Nilikaa chumbani, nikavaa earphone, nikapiga makofi.

Kofi halikusikika. Nilipiga tena, nikaona mikono yangu inakutana na hakuna kitu. Ilikuwa kama uchawi. Niliruka peke yangu mle chumbani. Nikarekodi kabla na baada, nikaweka kwenye maombi ya kazi.

Hapo niseme kidogo kuhusu kazi, maana najua kuna vijana humu wanaosomea haya mambo na wanalala na hofu kama yangu.

Fani hii haijafa, ila haina bango barabarani. Iko ndani ya mitandao ya simu, mashine za hospitali za moyo na ultrasound, rada, setilaiti, redio. Kwenye utafiti, kinachonivutia mimi ni sauti: kutenganisha mtu mmoja na umati wanaoongea pamoja, kuzifanya simu zielewe lugha ambazo hazina maandishi mengi, na kuzibana programu kubwa mpaka ziingie kwenye simu ya kawaida bila intaneti. Kuna wanaosikiliza wadudu ndani ya magunia ya nafaka. Kuna wanaopima pumzi ya mgonjwa kwa mawimbi ya redio bila kumgusa. Na sehemu ya kazi hizi unaweza kuifanya ukiwa popote, ukiwa na kompyuta na umeme usiokatika sana.

Nilikuwa nimeomba nafasi ya msaidizi wa utafiti kwenye kikundi kimoja cha nje kinachotengeneza programu za kusikia kwa simu za bei ya chini. Walitaka mfano wa tatizo ulilolitatua mwenyewe. Nikawapelekea kofi langu lililopotea.

Tuendelee.

Jumamosi ilifika. Baba alivaa koti. Kibanio nilikificha chini ya kola, simu ikaingia mfuko wa ndani. Alitoka chumbani akaenda moja kwa moja kwenye kiti, na baba mdogo Yusto, ambaye alikuwa ameshajiandaa kukikalia, akasimama.

"Kaka, leo unakaa mwenyewe?"

"Kwani hiki kiti ni chako?"

Alijibu palepale, bila kuomba arudiwe. Wazee wawili wa ukoo waliokuwa sebuleni wakatazamana, halafu wakaangua kicheko. Baba mdogo alicheka kuliko wote. Akavuta kiti cha pembeni akakaa. Niliona amemgusa baba begani, kidogo tu, kama mtu anayehakikisha ukuta umekauka.

Mimi nilikuwa jikoni na mama. Neema alikuwa chumbani na kanga yake, haruhusiwi kuonekana mpaka aitwe.

Sasa niwaeleze jinsi wakwe wanavyofika kwetu, kwa ambao si wa huku.

Hawabishi hodi. Hawaiti. Wanachuchumaa nje ya mlango, wanakunja viganja kidogo na kupiga makofi pamoja, taratibu, kwa heshima. Kisha wananyamaza. Mwenye nyumba, aliyekaa ndani bila kutazama mlango, anawajibu kwa makofi yake. Hapo ndipo mshenga anapopata ruhusa ya kufungua kinywa. Hakuna anayeweza kujibu kwa niaba ya aliyekalia kiti. Na nyumba ikikaa kimya, ukimya huo ni jibu, wageni wanainuka na kwenda zao.

Najua mmeshaona linakokwenda. Mimi nilikuwa sijaona.

Waliwasili. Nilisikia miguu kwenye kokoto, gauni zikikusanywa, magoti. Halafu makofi. Mazito, ya viganja vilivyokunjwa, yote kwa pamoja. Yalikuwa mazuri sana, wakuu. Mama alitabasamu.

Kimya.

Nilichungulia kwenye pazia. Baba amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso umetulia, anasubiri. Wazee walikuwa wanatabasamu kwa ndani. Baba wa binti kuwasubirisha wakwe kidogo ni jambo la kawaida, hata linapendeza.

Makofi tena.

Kimya tena.

"Baba yako leo ana maringo," mama alinong'ona.

Mimi nikaanza kuwaza. Betri? Nilichaji. Waya? Kama ungechomoka angeonyesha. Programu imeganda? Labda maikrofoni imegeuka. Labda kibanio. Nilipita yote hayo kichwani kwa mpangilio kabisa, kama mtihani, na huku nje nikasikia mtu anainuka, goti likalia, na sauti ya mama wa makamo ikasema kwa Kinamwanga, polepole, "Huenda hawatutaki."

Chumbani nyuma yangu, Neema aliacha kupumua. Nilisikia.

Ndipo nilipoona tena kichwani mikono yangu mwenyewe, siku ile mle chumbani, inakutana bila sauti.

Mimi, mtoto wa nyumba hii. Nilifundishwa kupiga makofi ya salamu kabla ya kufundishwa kushika kalamu. Nikaenda chuo, nikarudi, nikaandika programu inayoyatupa, na nikaruka kwa furaha yalipopotea.

Sikuwa na muda wa kuwaza zaidi, na nadhani hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nilichukua beseni na jagi la maji ya kunawa.

"Maji ya nini, hata hawajaingia?" mama akasema.

Niliingia sebuleni kwa magoti, kama binti anavyopaswa, lakini si wakati wake. Baba mdogo alinikazia macho. "Wewe, bado."

Nilifika mbele ya baba, nikaweka beseni chini, nikakunja viganja, nikapiga makofi.

Baba alitazama mikono yangu. Ikakutana, ikaachana, ikakutana. Aliitazama jinsi mtu anavyotazama redio iliyokata katikati ya habari. Halafu akainua macho kuelekea mlangoni, akanitazama tena, na nikaona ameelewa yote, kuanzia mwanzo.

Nilitegemea hasira. Au aibu, ambayo ningeiogopa zaidi.

Alifungua koti lake. Akaliachia wazi upande wa simu, akatulia, kama mtoto anayengoja kufungwa kifungo.

Nikaitoa simu kwenye mfuko wa ndani. Nikazima kizuia makali. Nikapiga makofi tena, polepole sana, karibu ya kunong'ona.

Baba akafumba macho.

Kisha akainua ile mikono yake mikubwa ya mashineni, akaikunja, akapiga kuelekea mlangoni. Mara moja, kisha tena, kisha tena, bila haraka. Nyumba nzima ililia.

Halafu wote kwa pamoja wakamjibu, na safari hii mmoja wa wanawake akapiga kigelegele cha kuibia, akanyamazishwa.

"Mwaiseni," baba akasema, kwa ile karibu ya upande wao. "Mwaiseni mukwai. Nimewachelewesha. Nilikuwa navaa masikio."

Baba mdogo Yusto ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilitoka sebuleni kikavuka mlango, kikawakuta wageni wakiwa bado wamechuchumaa, wakaingia ndani wanacheka na vumbi magotini.

Nilirudi jikoni na beseni langu kavu na jagi lililojaa. Mama alinipokea mikononi bila kuuliza.

Maongezi yalikwenda. Kila tulipoweka sinia, baba alikunja uso, maana sauti kali zote sasa zilikuwa zinamfikia. Nilimwonyesha kwa ishara kutoka kwenye pazia kwamba naweza kuwasha tena. Akatikisa kichwa. Mama alipoona hivyo akachana kanga kuukuu, akatandika kila sinia na kufunga kila mfuniko kitambaa. Chakula cha wakwe kiliingia kimya kama mgonjwa.

Kuna swali moja baba alimuuliza bwana harusi mtarajiwa ambalo halikuwa kwenye utaratibu wowote.

"Ukikasirika, sauti yako inapanda au inashuka?"

Kijana aliwaza kweli kweli. "Inashuka, baba."

"Basi ukikasirika njoo hapa. Nahitaji mtu wa kujaribia hii mashine."

Mwisho wakamwita Neema. Alitoka amefunikwa kanga, akapiga magoti katikati ya sebule, macho chini. Baba akamuuliza kama anawafahamu hawa watu, na kama ameridhia.

Wakuu, mabinti wote mnajua sauti tunayotoa siku ile. Haitoki. Nilisimama nyuma ya pazia nikiwaza vipimo vyangu vyote, kwamba sauti ya Neema ni nyembamba, kwamba jibu lenyewe ni fupi, kwamba kanga imemfunika mdomo.

"Ndiyo, baba."

Baba hakusema kitu. Nikasema moyoni, haijafika. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuinama ili alirudie jibu sikioni mwake.

Baba akamzuia kwa mkono.

"Nimesikia," alisema. "Mwanangu, rudia. Nimesikia, nataka tena."

Neema akainua uso, akarudia. Na wale wanawake wa Nakonde, walioambiwa wanyamaze tangu mwanzo, hakuna aliyewanyamazisha tena.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu. Nilikaa kwenye kigogo nyuma ya jiko na kuanza kazi yangu ya kawaida, yaani kujihukumu. Kilichonisumbua zaidi ni hiki: yale makofi ya viganja vilivyokunjwa ni sauti nzito. Masikio ya baba, yale yale yaliyochakaa, yangeyasikia bila msaada wangu wowote. Mimi ndiye niliyeyaziba.

Baba akaja. Akavuta kile kistuli cha mama, akakaa mbele yangu, waya bado uko masikioni. Akakunja viganja, akanipigia makofi.

Kwetu mzazi hamwanzii mtoto. Sijawahi kuona. Nikashuka kwenye kigogo nikapiga magoti kwenye majivu, nikamjibu.

"Afadhali," akasema. "Nilitaka nihakikishe kama wewe unasikia."

Akaondoka kwenda mbele ya nyumba.

Basi ndiyo hivyo.

Kile kikundi cha utafiti nimewaandikia tena. Nimewaambia mfano niliowapa una kosa, na nikaeleza kosa lenyewe na lilikotokea. Nilijuta dakika ile ile nilipotuma. Wamejibu kwamba wangependa tuongee, na wameuliza kama ninaweza kurekodi sauti zaidi za namna hiyo. Hawajasema kazi ninayo au sina. Nimeusoma ujumbe wao mpaka naujua kwa moyo, na bado sijui.

Kizuia makali nimekiandika upya. Sasa kinasubiri kidogo kabla ya kuamua: sauti kali ya peke yake kinaibana, zinazokuja kwa mwendo wa taratibu kinaziacha zipite. Kinakosea bado. Juzi kimempitishia baba fundi wa jirani anayegonga misumari, akamjibu kwa makofi kutoka barazani. Fundi alishuka kwenye ngazi akaja kusalimia.

Nilichojifunza nitakisema kwa maneno yangu mwenyewe. Darasani niliambiwa kelele ni kile usichokitaka, na sikuwahi kuuliza ni nani asiyekitaka. Aliyeandika kanuni alikuwa mbali, hajawahi kuchuchumaa mlangoni kwa mtu. Mimi niliwahi, na bado niliifuata. Kwa hiyo vijana wenzangu mnaosomea haya mambo mkiwa Igamba, Itumba au kokote, msidhani mnakotoka ni kitu cha kuacha nje ya maabara. Mtakihitaji siku ambayo hamjaitegemea.

Walioko kwenye fani, nishaurini kuhusu hayo mahojiano, maana nimeshayafanya kichwani na nimeshafeli.

Na ninyi wengine wote, naomba kitu kimoja. Niandikieni hapa chini sauti moja ya nyumbani kwenu ambayo mashine ya mgeni ingeitupa ikidhani ni kelele. Mluzi, kikohozi cha kubisha hodi, chochote. Nitazijaribu zote, moja moja.

Baba yuko nyuma yangu hapa, anasoma juu ya bega. Anasema niwaambie kwamba hakuwa na maringo.